Vipimo Vitano vya Otilia

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba piano ya usharika wetu imenishtaki kwenye baraza la wazee wa kanisa. Nilifika nimechomekea shati. Piano ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, mimi nikaonyeshwa benchi.

"Mwalimu Mbwambo," ikasema, "wewe ndiye unayenipiga?"

"Ndiyo. Kila Jumamosi, kwenye harusi."

"Maharusi wakienda mezani kusaini cheti, unapiga nini?"

"Kile kipande cha Wesnitz. Kile cha taratibu."

"Chote?"

Nikaangalia viatu vyangu. Wazee wakaandika kwamba mshtakiwa ameangalia viatu.

Hapa inabidi nieleze. Wesnitz, kwa mujibu wa utangulizi wa kitabu changu cha nota, alikuwa mtunzi wa piano wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa msaga nafaka, aliyefundisha mabinti wa matajiri wasiotaka kujifunza, akafa kwa kifua akiwa na miaka arobaini na mmoja. Nota zake zilinakiliwa kwa mkono na dada yake, Otilia. Huyo alitangulia kufa akiwa na miaka kumi na tisa.

Katikati ya kipande hicho kuna nukta mbili kando ya mistari miwili ya wima. Maana yake ni rudi mwanzo, upige tena. Kabla ya nukta hizo kuna vipimo vitano, yaani vyumba vidogo vya nota vilivyotengwa kwa mistari, ambavyo hupigwa mara ya kwanza tu. Mara ya pili unavivuka, unakwenda kumalizia. Sasa mimi huwa sirudii. Kusaini cheti ni dakika tatu, na zikizidi Mchungaji Mfinanga hunipungia mkono nifupishe, maana nje kuna harusi nyingine imeshafika na matarumbeta yake. Kwa hiyo navivuka vile vitano moja kwa moja. Na ili jicho lisije likateleza, nilibandika karatasi juu yake kwa gundi. Ni mwaka wa nane huu, vidole vyangu havivijui kabisa.

"Kuna mtu anaishi humo," piano ikasema. "Umemzibia dirisha."

Mzee mmoja, ambaye alikuwa kile kidude cha mbao cha kupimia mwendo wa muziki, akatikisa kichwa kushoto na kulia, lakini huyo ndivyo alivyo siku zote.

Piano inafunua mfuniko wake. "Ingia ukaone mwenyewe," inaniambia. Naingia.

Ndani kuna korido ndefu, kama ya ofisi ya wilaya, na nyaya tano nyeusi zinapita ukutani. Mwisho wa korido kuna mlango umefungwa. Nje ya mlango, kwenye benchi, amekaa mzungu mwembamba aliyejifunika blanketi. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga. Sikuuliza.

"Shikamoo, babu," nikamwambia, kwa kuwa ana miaka zaidi ya mia mbili.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwalimu?"

"Ndiye. Na wewe ndiye Wesnitz?"

"Wa nakala yako." Akakohoa, akaweka leso mfukoni. "Kila kitabu kina Wesnitz wake. Wenzangu wa vitabu vingine wanamwona dada kila siku. Kuna mmoja kitabu chake kimenunuliwa na mtoto wa miaka tisa anayejiandaa kwa mtihani, huyo anamwona mara arobaini kwa siku mpaka wanagombana. Mimi nimeangukia kwako."

"Otilia yumo humo?"

"Yumo. Mlango unafunguka vikipigwa."

Nilitaka kumweleza habari za Mchungaji na matarumbeta. Nikaona haya.

"Nitapiga," nikasema.

Hapo hapo niko kanisani, mchana, nimekaa kwenye piano, na kanisa limejaa. Bibi harusi ameshika kalamu. Napiga vizuri vipimo ninavyovijua, kidole kwa kidole, mpaka inafika ile karatasi. Mchungaji Mfinanga ananipungia mkono. Mkono unarefuka, unapita juu ya mabenchi matatu na kofia za akina mama, unanigusa bega.

"Mwalimu, fupisha," mkono unasema.

"Samahani, Mchungaji," namwambia, na kwa ukucha wa mkono wa kushoto nabandua karatasi.

Kipimo cha kwanza. Mlango unafunguka. Msichana amekaa mezani, ananakili nota gizani kwa kupapasa, vidole vyote vimeingia wino.

"Nani?"

"Mimi."

"Umechelewa."

"Nilikuwa hapo nje tu."

Kipimo cha pili. Otilia anasogeza karatasi zake ili kaka yake apate pa kukaa. "Umekula?" anamuuliza. Wesnitz anasema amekula. Inaonekana wazi kwamba hajala.

Kipimo cha tatu nikakosea. Nilitaka nota nyeupe, nikagonga nyeusi ya jirani. Mguu mmoja wa meza ukafupika, kidau cha wino kikateleza, Otilia akakidaka bila kuangalia.

"Nani huyo anayepiga?"

"Mwalimu mmoja wa Upareni. Hajafanya mazoezi."

"Inasikika," akasema.

Niliona aibu ya kweli. Nimekosea mbele za watu mara nyingi na sijawahi kujali, maana harusini watu wanaangalia gauni. Safari hii masikio yaliniwaka moto.

Kipimo cha nne. Anaweka kiganja chenye wino kwenye kifua cha kaka yake. "Bado hiki?" Bado.

Kipimo cha tano kina nota moja tu, na juu yake alama kama jicho: shikilia kadiri utakavyoona inafaa. Nikashikilia. Bwana harusi alishamaliza kusaini cheti, akausaini na ule mkono mrefu wa Mchungaji. Matarumbeta yakaingia ndani, yakaketi. Mimi nimebonyeza kidole cha nne, siachii.

"Shikilia tu," piano ikanong'ona, "ila ujue mimi si kinanda cha upepo. Sauti yangu inakufa yenyewe, hata usipoachia."

"Imebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

Wesnitz akanigeukia. "Ukirudi mwanzo, mwanangu, utapita tena hapa?"

"Hapana, babu. Mara ya pili hapa panavukwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika hivyo."

"Najua," akasema. "Nilikuwa kijana. Dada alikuwa bado hai."

Nikaanza kulia, kidole kikiwa palepale. Otilia alikuwa amemwinamia kaka yake, anataka kumwambia jambo, na sauti ilikuwa imekonda mpaka sikuweza kujua kama bado naisikia au naikumbuka. Akafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jikoni mke wangu, Nakijwa, alikuwa anapika chapati huku akiimba kwa pua, taratibu. Nikasimama mlangoni kusikiliza.

"Mama Eliada, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Si huo unaoupiga kila Jumamosi kanisani?" akajibu bila kugeuka.

"Hapo sijawahi kupiga."

"Basi sijui. Nimeamka nao."

Akaendelea. Vilikuwa vipimo vitano, si zaidi. Kwenye cha tatu alikosea, palepale, nota ileile ya jirani. Kwenye cha tano alishikilia mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akaanza tena cha kwanza, akapita, akafika mwisho, akaanza tena.

Chapati ilikuwa inaungua upande mmoja. Niliona moshi, sikumwambia.