Chandarua cha Chapchap

Duka la fundi cherehani lina benchi moja, na siku zote limejaa watu wasioshonesha chochote. Tunafuata habari. Siku hiyo habari ikaingia yenyewe mlangoni: Chapchap, mvuvi asiyejua kungoja, na furushi la vyandarua vipya begani.

"Fundi, niunganishie hivi viwe kimoja kikubwa. Mshono usipitishe hata sisimizi."

"Cha kazi gani, shemeji?"

"We shona tu. Maswali ya nini?"

Alipotoka, muuza samaki aliyejibana pembeni yangu akashika kichwa. "Jamani, huyo anakwenda kukikokota kama wavu kule kwenye nyasi za bahari, samaki wanakotaga na vitoto vinakokulia. Wenzetu ng'ambo ya gati walivichota hivyohivyo. Leo hawapati hata wa kumpa paka. Beseni langu likikauka, wanangu niwapikie mchanga?"

"Mkatalie," nikamwambia fundi.

"Nikikataa atakwenda kwa mwingine. Nipe mkasi." Fundi akacheka peke yake. "Mficha uchi hazai. Hakusema cha kuvulia, kasema kimoja kikubwa. Atakipata."

Basi yeye akashona, sisi tukasambaza habari, tukaanzia kwa mama mkwe wa Chapchap. Kazi yetu haihitaji cherehani.

Chapchap aliporudi hakupata pa kukanyaga. Mtaa mzima ulikuwa dukani, na katikati ya benchi, kavaa nguo ya kutokea, ameketi mama mkwe wake. Juu yake kimening'inia chandarua cha kifalme: kina marinda, kina mlango wa utepe wa bluu, kinatosha kufunika kitanda na wajukuu wote waliomo.

"Mkwe wangu!" Mama akamdaka mikono yote miwili. "Kumbe nikilalamika mbu ulikuwa unasikia? Na mimi navyokusema vibaya huko nje!"

"Anakusema kweli," mtu akadakia nyuma. Tukaangua kicheko.

Chapchap akatazama mlango, watu wameuziba. Angesema nini? Kwamba alitaka kukivulia vitoto vya samaki? Mbele ya mkwe, na muuza samaki kamkodolea macho?

"Ni... ni zawadi yako, Mama."

Vigelegele vikapaa. Mama akalia, akakumbatia watu hata wasiohusika.

Mlangoni Chapchap akamnong'oneza fundi, "Umeniweza."

"Sijakuweza, nimekushonea. Kagua, hata sisimizi hapiti."

"Na ule wavu wako wa macho makubwa uliochanika," muuza samaki akamwambia, "ulete. Nitakushonea mwenyewe hapahapa, huku tunaongea."

"Mtaniongelea mimi?"

"Inategemea utaleta wavu gani."

Kesho yake akaja nao, mkuukuu, macho yake unapitisha mkono mzima. Tukajisogeza benchini tukampa nafasi. Na Chapchap, mtu asiyejua kungoja, akakaa akangoja, na kabla ya adhuhuri alikuwa na umbea kutushinda wote.