Anayeitikia Dirisha la Nne

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, mtunga programu aliyeitwa Binti Nukta alifuta mstari mmoja wa programu ya ofisi na kuandika mwingine mfupi zaidi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu nukta moja ikipotea hali wala hanywi mpaka aipate.

Mstari wa zamani ulisema kila ombi lipelekwe kwa Mkuu alithibitishe. Ulikazwa hivyo tangu mwanzo, kama msumari kwenye ubao, na kwa kuwa Mkuu alikuwa mtu wa mikutano, maombi elfu tatu yalikuwa yamelala mezani kwake. Mstari mpya haukumtaja mtu. Ulisema tu: thibitisha. Wakati wa kuita, programu ingetafuta yenyewe anayeiweza kazi hiyo, imuunganishe, kisha ikumbuke ili mara ya pili isihangaike kutafuta. Muungano ukiacha kufaa, ingeuvunja na kutafuta upya.

Alimweleza hayo Mama Ghala, mtunza mafaili wa ghala la chini, walipokuwa wakinywa chai.

"Ni kama mtoto anayeita 'mama' sokoni. Neno ni la wote, ila kila mtoto ana wake."

"Sokoni tunageuka wote, mwanangu."

"Mnageuka wote. Anayekwenda ni mmoja."

Mama Ghala alicheka mpaka akapaliwa, kisha akashuka ghalani. Binti Nukta alitarajia programu ichague kati ya meza tatu za juu zenye kompyuta. Mama Ghala hakuwa na kompyuta. Alikuwa na rafu, ngazi ya mbao na miaka ishirini na miwili ya kazi.

Saa tatu na dakika kumi, mwanamke mmoja fundi umeme alifika dirisha la nne kwa mara ya tisa. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza lifti, na asipofika na cheti siku ya Ijumaa, nafasi ilikuwa ya mwingine. Tatizo ni kwamba daftari lilionyesha kuwa siku hiyo ya kuzaliwa kwake mama yake alizaa mtoto mmoja tu, tena wa kiume. Huyo alikuwa pacha wake.

Karani wa dirisha alibonyeza. Programu ikaita. Mama Ghala, aliyekuwa juu ya ngazi kule ghalani, kufumba na kufumbua akawa amesimama nyuma ya dirisha la nne, miguu peku, kipande cha mkate mkononi.

"Karibu, mama," karani alisema, akamsogezea fomu.

"Ahsante. Viatu vyangu vimebaki chini."

Mlinzi alikwenda kuvichukua. Mama Ghala alisoma fomu, akainua macho, akaisoma tena.

"Kumbe wewe ndiye pacha wa pili!"

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nakujua kwa penseli tu. Nafasi iliisha, mkunga akakubana pembeni mwa ukurasa. Barua ya kukusahihisha nimeipeleka juu mara tatu. Na ulivyorefuka hivi, pale pembeni ungeeneaje?"

Hakuhitaji kutafuta. Daftari la kijani, ukurasa wa mia moja na nne. Alithibitisha, na mashine ikatema cheti kingali moto. Fundi umeme alikisoma mara mbili, akapiga kigelegele. Foleni nzima ikamwitikia, hata wa nyuma kabisa wasiojua kuna nini.

Mara ya pili Mama Ghala alifika karani hajamaliza kubonyeza. Kufikia adhuhuri alikuwa amesalimiana na watu sitini, wote akiwafahamu kwa karatasi. Aliyeandikwa kwa tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda alikuwa kinyozi mwenye kicheko kikubwa. Dada wawili wenye jina moja walikuja wameshikana mikono. Jumatano aliitwa akiwa amekaa, akafika na kiti chake. Jioni alishuka ghalani kwa ngazi kama watu wote, akiimba.

Alhamisi Mkuu alirudi kutoka mkutanoni, akakuta meza yake tupu, maombi yote yamehamia dirisha la nne. Hakuuliza Mama Ghala anafikaje juu. Aliuliza ni nani anayethibitisha.

"Hiyo ni kazi yangu," alimwambia Binti Nukta. "Irudishe kwangu."

Binti Nukta aliandika jina la Mkuu kwenye mstari. Mwito wa kwanza wa programu ukamfikisha Mkuu dirisha la nne, tai yake imenyooka, mbele ya bibi aliyefuata cheti cha mjukuu. Mkuu akamuuliza karani daftari linakaa wapi. Akauliza muhuri ni upi. Alipouliza fomu inaanzia upande gani, muungano ukakatika. Yeye akawa kitini kwake ofisini, na Mama Ghala akawa anamwamkia bibi.

"Imejaribu, mzee," Binti Nukta alimwambia kwa heshima. "Haikushika."

Mkuu alifikiri, akasema basi jina la chini ya cheti libaki lake. Likabaki.

Binti Nukta aliandika barua kuomba Mama Ghala apandishwe daraja. Jibu lilikuja na mistari miwili: mtunza mafaili hawezi kupandishwa kwa kazi ya kuthibitisha, kwa kuwa mtunza mafaili hathibitishi. Mama Ghala alilisoma, akalitoboa matundu mawili, akaliweka kwenye faili lake.

Mwisho wa mwezi Mkuu alitunukiwa ngao kwa kumaliza maombi elfu tatu. Sherehe ilifanyika ghorofa ya juu, na watu wa ghala hawakualikwa. Makofi yaliposhuka kupitia dari, dirisha la nne alikuwapo baba mmoja na kichanga cha siku tisa. Alitakiwa kutia saini na mikono haikumtosha, akampitisha mtoto dirishani.

Mama Ghala alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu nimemjua yeye kwanza," alimwambia karani. "Karatasi baadaye."

Mtoto akapiga chafya. Foleni ikacheka, na Mama Ghala akacheka kuliko wote. Kisha akamlaza begani, akafungua ukurasa mpya ambao haukuwa na hata alama.

"Haya, baba. Tumwite nani?"