Albamu Nne na Sikio Moja

Jina la Mwamba alipewa kazini. Siku alipowaambia wenzake wa kiwanda cha uchapaji kwamba yeye hupiga muziki wa roki, mzee wa mashine ya kukatia karatasi aliuliza hiyo roki ndiyo nini, akaambiwa maana yake ni mwamba. Kufikia jioni kiwanda kizima kilikuwa kinamwita hivyo, na baada ya wiki hata mama yake mzazi alikuwa amelidaka jina.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na albamu tatu alizozitoa mwenyewe, bila kampuni wala meneja. Alitunga, akaimba, akapiga gitaa, akarekodi chumbani, na majalada akayachapa palepale kazini baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya msimamizi wake. Msimamizi alisema kelele zile hazipendi, lakini karatasi za mabaki ni mabaki tu, achukue.

Albamu ya kwanza, *Chumba cha Juu*, aliitengeneza na mdogo wake wa kike, mpiga ngoma, ambaye nyumbani walimwita Kishindo kwa sababu tangu utotoni hakujua kufunga mlango taratibu. Ya pili, *Mvua ya Bati*, waliianza wawili, akaimaliza mmoja. Ya tatu iliitwa *Mtu Mmoja*, na sababu ilikuwa hiyohiyo.

Kilichowatenganisha ni ile ya pili. Kishindo alikuwa amepiga ngoma kwenye nyimbo zote kumi, wiki mbili mfululizo, mpaka viganja vikaota malengelenge. Kisha Mwamba akakaa peke yake kuchanganya sauti. Siku hizo aliishi kwa mama, na mazoea yake yalikuwa kusikiliza kwa spika moja ya sikio, ya kushoto, ili la kulia libaki wazi mama akiita. Kila akisikiliza, ngoma za mdogo wake alizisikia zimepoa. Matoazi hayakung'ara, kana kwamba mtu ameyafunika blanketi. Alihangaika nazo mwezi mzima, akainua hiki, akashusha kile, wapi. Mwishowe akazitoa zote, akaweka ngoma za kompyuta, na hakumwambia mwenyewe.

Kishindo alikuja kujua siku albamu ilipotoka. Alikuwa amewakusanya wenzake wa kazini wasikilize alivyopiga.

Tangu siku hiyo ilikuwa miaka sita. Wakikutana kwa mama walisalimiana kama watu waliokaa benchi moja wakisubiri kuitwa na karani. Mama alijaribu kila njia. Alimwomba huyu amletee yule mzigo, akamtuma yule salamu kwa huyu. Alijifanya hata amesahau namna ya kufungua kopo la rangi, ili waje wote wawili kulifungua. Kopo lilifunguliwa, na wao wakaondoka kila mtu na njia yake.

Asubuhi moja kiwandani mashine kubwa ilianza kulia, kilio chembamba cha chuma kikisagana na chuma. Mwamba alikuwa amesimama kando yake kabisa, upande wa kushoto, akihesabu karatasi. Msimamizi alitoka ofisini mbio, akazima umeme.

"Wewe, husikii?" alifoka. "Mashine inakufa hapo!"

"Inafanya nini?"

Msimamizi alimtazama, hasira ikamtoka usoni. "Kesho usije hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kapime masikio."

Daktari wa masikio, mama wa makamo aliyezungumza polepole kama anayesomea watoto, alimwingiza kwenye kijichumba chenye kuta za sponji na kumpa kitufe. Akisikia mlio, abonyeze. Upande wa kulia alibonyeza mpaka kidole kikachoka. Upande wa kushoto alikaa, akasubiri, akadhani mashine haijawashwa.

"Sikio la kulia ni zima," daktari alisema baadaye, akimwonyesha mchoro wenye mstari ulioporomoka kama ngazi. "La kushoto halizipati tena sauti za juu. Umefanya kazi kwenye mashine miaka mingapi?"

"Kumi na mbili. Na napiga gitaa."

"Gitaa la kelele?"

"La kelele, ndiyo."

"Basi hili halikuanza jana, ndugu yangu. Miaka saba, pengine minane. Lililopotea silirudishi. Lililobaki tunaweza kulilinda. Vaa vizibo kazini, na spika za masikioni uachane nazo kabisa."

Alitoka pale akitembea tu. Nyumbani alikuwa na nyimbo mpya nane zikisubiri kurekodiwa. Alilala kitandani na viatu vyake, akatazama dari, akajiambia kwamba tatu si haba, kuna watu wanakufa hawajatoa hata moja. Kisha ile hesabu ya daktari ikamrudia. Saba, pengine minane.

Aliinuka kama aliyechomwa sindano. Alitoa kabatini diski ya zamani, akatafuta ngoma za *Mvua ya Bati*, zile za mwanzo, akaziachia kwenye spika ndogo ya mezani. Akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akalielekeza la kulia.

Matoazi yalimwagika chumbani kama maji yanayopigwa na jua. Hayakuwa na blanketi lolote. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka wa kumi akiwa amesimama, na ulipokwisha wa kumi alijikuta amelia bila kujijua.

Kishindo alikuwa mwokaji mikate. Aliingia kazini kabla ya alfajiri na kumaliza mchana, tanuri likishazimwa na wateja wakishatawanyika. Mwamba alimkuta saa saba, peke yake, akikwangua meza ya kukandia kwa kibapa cha chuma.

"Mama mzima?" aliuliza mdogo mtu, bila kuacha kukwangua.

"Mzima."

"Basi umefuata nini?"

Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yote yalimpotea. Aliweka kompyuta juu ya gunia la unga, akabonyeza. Ngoma zikaanza. Kishindo alisimama na kibapa mkononi. Alipotambua mkono wake mwenyewe, uso ulimbadilika.

"Mbona hazina kasoro?" aliuliza.

"Hazina. Hazikuwahi kuwa nayo." Akamweleza yote: sikio, kitufe, mstari ulioporomoka, spika ya kushoto.

Ngoma zilipoisha Kishindo aliweka kibapa mezani. "Kwa hiyo," alisema, "sikio lisingeharibika, usingekuja."

Hapo ndipo Mwamba angeweza kujitetea, na sababu alikuwa nayo, tena yenye muhuri wa daktari.

"Sikio lilikuwa bovu," alisema. "Mdomo ulikuwa mzima. Ningeweza kukuita nikakwambia nataka kuzitoa, na kwa nini. Niliogopa utabisha, nikanyamaza, nikakuacha uumbuke mbele ya wenzako. Hilo halina daktari. Hilo ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

Kishindo hakusema nimekusamehe. Alifungua droo, akatoa brashi, akamrushia.

"Sugua ule upande."

Walisugua meza, wakafagia, wakapanga trei kwenye rafu. Walipomaliza Mwamba alisema anaweza kuitoa upya *Mvua ya Bati*, safari hii na ngoma zenyewe.

"Hapana. Mpiga ngoma wa pale alikuwa na miaka ishirini na tano na hasira za kukosa usingizi. Yule nimeshaachana naye." Alijifuta mikono kwa aproni. "Una nyimbo mpya?"

"Nane. Lakini siwezi kuzichanganya. Sijiamini tena."

"Nani kakuuliza kuchanganya? Ziimbe."

"Hapa? Bila gitaa?"

"Unaona haya mbele ya magunia?"

Aliimba. Kuta za chumba kile zilikuwa za vigae kuanzia chini hadi juu, na sauti yake ikamrudia kubwa kuliko alivyoizoea. Alipofika kwenye kiitikio cha wimbo wa pili, trei ya mikate ilianza kulia nyuma yake, kwanza kwa vidole, kisha kwa mpini wa mwiko. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka itaacha.

Hivyo ndivyo albamu ya nne ilivyoanza. Mwenye duka la mikate aliwaruhusu mchana, ilimradi saa kumi na moja pawe pasafi. Msimamizi wa Mwamba alimhamishia zamu ya asubuhi, mbali na mashine kubwa, akisema kiwanda hakihitaji kiziwi wa pili, wa kwanza akiwa ni yeye mwenyewe kila mtu akiomba likizo. Kishindo alileta ngoma zake kutoka kwa mama, zikiwa zimefunikwa shuka kwa miaka sita. Mama aliyezifunika alijifanya hajui zinakwenda wapi, ila alizifuta vumbi na kuzipanga mlangoni tangu jana yake. Walirundika magunia ya unga pembeni ili mwangwi usizidi, na maikrofoni wakaining'iniza kwenye ndoano ya aproni.

Haikuwa asali tupu. Kishindo ndiye aliyekuwa sikio sasa, na sikio hilo lilikuwa na ulimi.

"Toazi limezidi. Punguza."

"Mimi naona liko sawa."

"Wewe unaona. Mimi nasikia."

Mara ya kwanza alipunguza kwa shingo upande. Mara ya kumi alipunguza bila kuuliza. Ilimuuma, kuusogeza mkono pale alipoambiwa na asiwe na hakika ya tofauti anayoisikia, kama mtu anayeonja chakula akiwa na mafua. Siku moja walikosana kabisa juu ya wimbo wa sita, uliomhusu marehemu baba yao. Kishindo alisema ubeti wa tatu ni uongo, baba hakuwahi kuomba radhi kwa mtu.

"Ni wimbo," Mwamba alisema. "Si taarifa ya polisi."

"Basi uimbe useme ulitamani aombe. Usiseme aliomba."

Mwamba alichukua gitaa lake akaenda zake. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alirudi na ubeti mpya, akauimba wimbo wote mara moja tu, na Kishindo, aliyekuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, alisahau kupiga. Huo ndio waliouacha kwenye albamu, sauti tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Waliiita *Saa Saba Mchana*. Jalada Mwamba alilichapa mwenyewe, majina mawili, ya herufi zenye ukubwa mmoja. Haikutikisa dunia. Mashabiki wake wachache wa zamani walilalamika mtandaoni kwamba Mwamba amelainika, makali yamekwenda wapi. Wengine, wasiomjua, waliandika kwamba walisikia wimbo wa sita wakiwa kazini wakalazimika kutoka nje kidogo. Mwamba aliyasoma yote, ya hawa na ya wale, na kwa mara ya kwanza hakujibu hata moja.

Jumapili moja alasiri waliipiga yote, wimbo hadi wimbo, palepale kwenye duka la mikate. Walikuja watu kama hamsini: majirani, wachapaji, waokaji, na msimamizi aliyesimama karibu na mlango kwa usalama wake. Wenzake Kishindo, walewale wa miaka sita iliyopita, walikaa mstari wa mbele. Mwamba alivaa vizibo masikioni. Mama alikaa kwenye gunia kama kiti cha enzi, na kila ngoma ilipolia alimgusa mtu wa pembeni kwa kiwiko, akisema, "Huyo wangu." Gitaa lilipolia aligusa tena. "Na huyo."

Watu walipokwisha kuondoka na mama ameshapata wa kumsindikiza, wale ndugu wawili walibaki kukunja nyaya. Kishindo alizunguka chumba mara mbili bila kazi ya maana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akatoa mfukoni mwa aproni karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa kaka yake bila kumtazama.

Ilikuwa na mwandiko wake, mistari iliyofutwa na kuandikwa upya, beti tatu na kiitikio. Wimbo wa mwanamke anayeamka kabla ya mji kuamka, akijua kwamba chochote watakachokula watu asubuhi hiyo kimepita mikononi mwake.

Mwamba aliusoma mara mbili. "Nani ataimba?"

"Mimi."

"Hujawahi kuimba."

"Najua."

"Na mimi nifanye nini?"

"Gitaa. Taratibu. Nikikosea uniambie papohapo, usisubiri mpaka itoke."

Mwamba alilifungua tena begi alilokuwa ameshalifunga, akatoa gitaa, akavuta ndoo ya mafuta tupu akaikalia, sikio lake la kulia likimwelekea mdogo wake.

"Haya," alisema. "Unaanzia noti gani?"

Kishindo alikohoa, akacheka, akageukia ukuta kwa haya, kisha akaanza.