Shingo ya Mke wa Bwana Digrii

Pale kliniki ya macho walimwita Bwana Digrii, na mwenyewe alikiri kwamba digrii zote alizowahi kuzishika ni za shingo za watu. Kazi yake ilikuwa kumvika mgonjwa ukanda wa kichwani wenye kipimapembe, kumwacha asome herufi ukutani alivyozoea, kisha kuangalia kichwa kimelala kiasi gani. Alijisifu kwamba shingo iliyopinda haimpiti hata sokoni.

Nyumbani alikuwa na mke aliyelaza kichwa upande kila mumewe alipofungua mdomo. Ndicho kilichomtia wazimu wa mapenzi tangu uchumba: mwanamke anayemsikiliza kwa kichwa kizima! Mkewe alipolalamika shingo inamuuma, mtaalamu wetu alimnunulia mto mpya. Mito ilishajaa kitandani.

Siku moja alisahau funguo, mkewe akamletea kazini. Daktari akamkuta mlangoni akisoma tangazo, kichwa kimelala upande.

“Huyu mgonjwa umeshampima?”

“Huyo si mgonjwa, daktari. Ni mke wangu.”

“Kwani kimoja kinazuia kingine? Mpime.”

Akamvika ukanda, akampima. Digrii kumi na nane. Daktari akamnyoosha mama shingo, akamuuliza anaona nini.

“Namwona baba watoto. Wawili, mmoja juu ya mwenzake.”

“Tangu lini?”

“Tangu utotoni naona vitu viwili viwili. Nikilaza kichwa vinaungana.”

“Mbona hukuniambia?” mume akafoka.

“Nilidhani kila mtu ana namna yake ya kutazama. Halafu mume wangu, mmoja tu ana maneno yote hayo. Wawili ningewaweza?”

Daktari akacheka mpaka akaketi. Bwana Digrii naye akacheka, ila moyoni alinywea. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa anasikilizwa, alikuwa anaunganishwa. Mkewe akapangiwa upasuaji wa msuli wa jicho, na mume, aibu tupu, akatamani daktari aende likizo ndefu. Shingo ya mkewe ingepona, sawa, lakini yeye angebaki na nani wa kumsikiliza?

Upasuaji ukaenda salama. Macho yalipotulia, jioni moja mezani, mke aliketi wima kama nguzo. Mume akaanza kisa cha mzee aliyekuja kliniki na miwani ya mkewe akidai ni yake, huku anaichungulia ile shingo. Haikusogea hata kidogo. Akaona basi, mambo yamekwisha, na sauti ikamwishia njiani.

“Mbona umekomea hapo?” mkewe akauliza. “Mzee kasema miwani ni yake, ina maua pembeni. Haya, daktari akamjibu nini?”

“Nimesema ina maua?” Bwana Digrii akashangaa. Hakukumbuka kabisa. Katika nyumba ile, mtu pekee ambaye hakuwa akimsikiliza Bwana Digrii alikuwa Bwana Digrii.