Jina Langu Katika Sehemu ya Tatu

Nani alinibeba siku ya sehemu ya tatu? Kidole changu kilikuwa juu ya ukurasa wa mwisho, palipoandikwa majina ya waliokisikia kitabu hiki cha hadithi za Mtume kikisomwa mbele ya Shekhe Muwafaki, miaka themanini na moja iliyopita. Mimi nimo katika sehemu zote nne: Hadiya, umri miaka minne. Dada yangu Asiya, aliyekuwa akinipandisha mgongoni hadi mlimani kwa Shekhe, ameandikwa: isipokuwa sehemu ya tatu.

Tumebaki hai sisi wawili tu. Kwa sehemu ya tatu, nimebaki peke yangu. Ndiyo maana chumba changu hapa Salihiya kilijaa watu waliotoka Misri na mji wa Halabu kuja kukisikia kwangu, hata mlango haukufunguka. Kwetu kitabu hupokewa kwa sikio. Bila mtu aliyekisikia, ni karatasi tu.

"Sogea bwana, umekalia joho langu!" Mmisri mmoja alimwambia jirani yake.

"Joho? Mimi nilidhani mkeka."

Burhani, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyekuwa akisoma. Alipomaliza sehemu ya pili, nilimwinamia Asiya, aliyeketi kando yangu.

"Dada, siku ya sehemu ya tatu nilipanda na nani?"

Akacheka, ufizi mtupu. "Upande wapi wewe! Surua ilikushika, mwekundu kama komamanga. Nilishinda nyumbani nikikupepea, nikakosa kwa ajili yako."

"Na jina langu?"

"Baba huyo. Alimbembeleza mwandishi akuandike hivyo hivyo."

Burhani alikuwa amesikia. Akaninong'oneza, "Shangazi, nakuomba, nyamaza. Limeshaandikwa. Ukikana, sehemu hii inafia hapa hapa."

Alisema kweli. Niliutazama mlango, nikaona vichwa tu. Nikinyamaza, kila kichwa kingeondoka na uongo wangu na kuurithisha. Nikisema, wangetilia shaka hata sehemu nilizozisikia, nami sina kingine nilichoishi kwa ajili yake.

Burhani akafungua sehemu ya tatu, akaanza upesi: "Ametupa habari Bibi Hadiya, kwamba alisikia..."

Niliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Sikusikia," nilisema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Siku hiyo nilikuwa nyumbani, mgonjwa. Sehemu ya tatu haitasomwa kwangu, na jina langu hapa nalifuta leo. Burhani atasoma ya nne. Asiyeniamini tena, mpeni njia atoke."