Mlio wa Lori la Lusungu

Mwezi wa sita hapa Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Alfajiri ukungu hulala juu ya barabara kuu, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka unayaona taa tu. Lori letu sisi hulala uani, chini ya dirisha la chumba ambamo mume wangu, mzee Yonathani, hukaa na blanketi lake.

Lori hilo lilikuwa la mwanetu Lusungu. Figo zilimsumbua, akafariki mwaka jana baada ya Pasaka, tukampeleka kumzika nyumbani Ileje, huko Isongole. Mzee alikuwepo kaburini. Lakini kumbukumbu zilikuwa zimeshaanza kumtoka, na msiba ule haukukaa ndani yake. Tuliporudi tu aliniuliza kama Lusungu amekula.

Likiwashwa kwenye baridi, lori lilitoa mlio mwembamba, mrefu. Likishapata moto, mlio unakwisha. Lilianza kulia hivyo Lusungu akiwa bado mzima, na baba yake alimtania sana: "Gari lako linalia kama ndama aliyenyimwa ziwa." Lusungu alicheka, akasema atalipeleka kwa fundi. Hakuwahi.

Mjane wake, Sekela, alimwajiri dereva aitwaye Gasper, kijana wa Msangano. Lori likabeba mahindi na maharage kama zamani, watoto wakaendelea kula na kusoma. Na kila alfajiri lilipolia, mzee aliinua kichwa.

"Huyo Lusungu anaondoka," alisema. "Mungu amtangulie."

"Amina," nilijibu. Ndipo alipokunywa uji wake.

Siku moja Gasper alikuwa akifuta kioo cha lori, akayasikia maneno hayo dirishani. Tangu siku hiyo hakuondoa gari mpaka asikie kikombe cha mzee kimewekwa mezani.

Wiki ile ya baridi kali zaidi, mlio ulibadilika. Ulikuwa mzito, wenye kukwaruza ndani yake, na hata gari likipata moto haukuisha wote. Sekela akamwita fundi Danieli. Danieli akaagiza gari lisiguswe mpaka afike mwenyewe, kwa sababu ugonjwa wa baridi hutafutwa kwenye baridi.

Alikuja kabla ya jua, mikono kwapani.

"Gasper, wewe ni dereva au abiria?" alisema. "Gari linalia siku zote hizi, nawe umekaa na kofia yako ya sufu unasikiliza kama kwaya?"

"Fundi, subiri niwashe kwanza ndipo unitukane."

Gasper akapiga stata. Lori likajikokota, likagonga, likalia.

"Sauti ziko tatu," alisema Danieli. "Huku kujikokota ni betri, inachoka na baridi. Huku kugonga ni dizeli ya baridi, itaacha yenyewe. Hebu tumtafute huyu anayelia."

Aliomba maji. Nikampa kopo, akamwagia mkanda wa feni kidogo kidogo. Mlio ukabaki vilevile, akasema basi si mkanda. Akazima, akautoa mkanda, akamwambia Gasper awashe kidogo tu. Injini ikanguruma bila kulia. Danieli akazima tena, akaanza kuzungusha kwa mkono kila kinachovutwa na mkanda ule, kimoja kimoja. Alipofika kwenye pampu ya maji, aliitikisa, nayo ikacheza kama jino bovu. Chini yake palikuwa na michirizi ya maji yaliyokauka.

Ndani, mzee alikuwa na wasiwasi. "Mama Lusungu, leo mtoto amesahau nini? Anawasha, anazima."

"Amekuja fundi kumtazamia gari," nilisema.

Nilipotoka, Danieli alikuwa akijifuta mikono. "Beringi ya pampu imekwisha. Ikikatika mmepakia mahindi, mko mlima wa Senjele, gari litachemsha hapohapo. Na feni ikichomoka itapasua rejeta. Hapo nyuma yako kuna foleni ya malori, mlima umeinama. Sitaki hata kuisema."

Sekela alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni. Akaniuliza polepole, "Mama, wakibadilisha, ule mlio utakwisha?"

"Utakwisha wote," alijibu Danieli kwa furaha, maana yeye hakujua habari zetu.

Gasper alivua kofia, akaishika mkononi.

"Bibi, mimi naweza kwenda nalo hivihivi mpaka baridi ipungue," alisema. "Nitakwenda taratibu. Mzee ameshalizoea."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli. Angepanda ule mlima na ile beringi kwa ajili ya mzee ambaye hata jina la Gasper halijui.

"Gasper," nikamwuliza, "mama yako yupo?"

"Yupo, bibi. Msangano."

"Basi na litengenezwe."

Pampu mpya ilipatikana mjini Tunduma siku ileile, na jioni kazi ikaisha.

Alfajiri iliyofuata nilimpelekea mzee uji mapema. Nje lori liliwaka. Liligonga kidogo, likatulia, likanguruma vizuri. Mzee alishika kikombe bila kunywa.

"Gari la nani hilo?"

"Letu."

"Siyo letu. Letu linalia."

"Limetengenezwa, baba Lusungu."

Alisikiliza mpaka Gasper alipoondoka. Gasper alichelewa sana kuondoka siku hiyo. Kikombe hakikuwekwa.

"Basi Lusungu hajaja," alisema mzee. "Nitamsubiri tunywe wote."

Uji ukapoa, ukaganda juu. Mchana alikataa ugali. Alikaa amegeukia dirishani, na kila lori lililopita barabarani aliinua kichwa, kisha akakishusha. Nilikaa naye, nikimshika mkono.

Jioni Gasper akarudi amebeba kitu ndani ya gazeti. Ilikuwa pampu ya zamani. Alikwenda kuiomba kwa Danieli. Aliikalisha juu ya magoti ya mzee, akamwonyesha jinsi ya kuizungusha. Mzee akaizungusha. Haikulia. Ilikwaruza tu, kama kisu juu ya jiwe. Akaizungusha tena, akasubiri, akaiweka chini.

"Samahani, bibi," alinong'ona Gasper. "Nilidhani italia."

Nikamwambia asante. Alikuwa ameisugua grisi yote ili mzee asichafuke.

Gasper alipotoka, mzee alinigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na mara hii yalikuwa yananiona.

"Mama Lusungu, mtoto wangu yuko wapi?"

Niliinama kumfunika blanketi miguuni. Ndipo niliposikia sauti kutoka nje ya mlango.

Kwetu milimani Ileje, wazee wa rika letu wameshika mwiko: mke wa mwana haongei na baba mkwe, wala hawatazamani. Vijana wengi wameuacha. Sekela hakuuacha, kwa heshima tu, kwani hakuna aliyemlazimisha. Miaka yote ya ndoa yake alipitia mlango wa nyuma, akaacha maji ya moto ya mzee kizingitini, akaenda zake.

"Baba," alisema Sekela kutoka nje. "Lusungu tulimzika. Isongole, karibu na bibi yake. Wewe ulikuwepo. Ulichukua udongo kwa mkono wako."

Mzee aliugeukia mlango. "Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha, baba."

"Nikateleza."

"Uliteleza, mjukuu wako, Lusungu mdogo, akakushika."

Mzee akalia. Alilia kama mtu aliyepewa habari siku hiyohiyo, mabega yote yakitikisika, nami nililia naye, na nje ya mlango nikamsikia Sekela akilia, kitenge kikiwa mdomoni. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, na baridi inapita chini ya mlango.

Baada ya muda mrefu mzee alijifuta uso kwa blanketi.

"Nani huyo anayeongea nami?"

"Sekela. Mke wa Lusungu."

Alifikiri. Sijui alikuwa anaufikiria mwiko, au anamtafuta Sekela huko kichwani mwake.

"Huko nje ana baridi," alisema. "Mwambie aingie."

Nilifungua mlango. Sekela aliingia ameinamisha kichwa, akakaa chini karibu na jiko la mkaa, akiwa ametugeuzia mgongo, uso ukutani, hajui pa kutazama. Mzee alivua blanketi lake, akanipa mimi, nami nikamfunika mkwe wetu mabegani.