Katikati ya Nyumbu

King'ora kililia, watu wa Robanda wakatoka na masufuria ya kugonga wafukuze tembo, wakakuta ni upepo tu unauinamisha mtama. Kesho yake walikuwa ng'ombe wa jirani, Nashoni. Halafu mvua. Kila kilipolia, Mseti alikurupuka kwenda shambani, na kila aliporudi macho yake yalikuwa yamezidi kuzama, mpaka asubuhi moja kikalia naye akageukia ukutani, akaendelea kulala.

Hilo ndilo lililomtisha mama yake, Agness. Alimfuata Benedicto, fundi wa ile rada iliyofungwa mlingotini ili iwaone tembo wanapotoka hifadhini na kukiliza king'ora.

"Ipunguze kelele, baba. Siku tembo akija kweli, mwanangu hataamka."

"Naweza kuifanya isilie ovyo," Benedicto alisema. "Itapima kwanza vurugu ya pale pale, upepo, mvua, mifugo. Kitu kikizidi vurugu inayokizunguka, ndipo italia. Ila wanyama wengi wakipita pamoja, mmoja anaweza kujificha humo."

"Tembo ajifiche? Kwani ni panya?"

Hata Mseti, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, alicheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Kijiji kikatulia. Upepo ulivuma, rada ikanyamaza. Walikuja tembo wawili, ikalia, wakafukuzwa. Mseti alirudiwa na usingizi, na mwili nao ukamrudia.

Kisha nyumbu wakafika, nchi ikawa nyeusi kwa migongo yao. Jioni ile mlingoti ulikuwa kimya.

"Kungekuwa na kitu, ingelia," Mseti alimwambia mkewe, Boke, akashuka na fimbo kuwaswaga nyumbu watoke kwenye mtama. Vumbi lilisimama kama ukuta. Nyuma ya vumbi hilo alikuwapo tembo dume.

Walimrudisha nyumbani juu ya turubai.

Matanga yalipoisha, Benedicto alikuja, akakaa, chai hakuigusa.

"Niirudishe kama zamani, mama?"

"Irudishe."

"Italia hata kwa mbuzi."

"Ilie."

Sasa inalia kutwa. Majirani hawatoki tena. Wengine husema Agness amewaletea kero. Yeye, kila inapolia, huweka jembe chini na kwenda mpaka ukingoni mwa shamba. Jana walikuwa mbuzi, kundi zima, wakivuka na vumbi lao. Aliona wazi kwamba ni mbuzi. Hata hivyo alisimama, akawatenganisha kwa macho, mmoja mmoja.

"Mama, ni nini?" Boke aliita kutoka mlangoni.

"Ngoja," alisema. "Bado wanapita."